Kombo, samaki kabadilika mimi nimeitwa mwizi

Kombo mwanangu,

Mbukwa! Najua huwezi kuijibu hiyo, wewe mtu wa pwani, basi salaam aleikum na yaishe. Hatujaandikiana tangu harusi ya mtoto wa Mama Rehema, kosa ni langu, usianze. Huku Dodoma tupo, upepo wa Agosti unatutia vumbi mpaka kwenye ugali, maji yanakuja kwa zamu, watoto wazima, mguu wa bi mkubwa umepona ila bado anachechemea akiona kuna mtu wa kumwonea huruma.

Sasa ndugu yangu nisikuzungushe, nina shida na nataka uisome yote kabla simu yako haijaita, maana Mzee, bosi wangu, kaniomba namba yako na mimi nimempa.

Unamkumbuka yule kitatange wa Mzee, samaki wa bahari ninayemlea kwenye tenki la hapa nyumbani, yule mdogo wa bluu nyeusi mwenye miduara myeupe kama viwimbi vya maji ukitupa jiwe? Mzee aliondoka Aprili kwenda kwenye mambo yake, karudi juzi Jumanne. Begi liko mlangoni, viatu havijavuliwa, kaenda moja kwa moja mbele ya tenki kasimama. Kaangalia weeee. Halafu akaniuliza kwa ile sauti ya chini ya mtu aliyekwisha kukasirika, "Samaki wangu yuko wapi?" Nikamwambia si huyo hapo Mzee. Akasema, "Mimi nilinunua samaki wa miduara. Huyu wa mistari. Yule wa miduara umempeleka wapi?"

Kombo, nilicheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilidhani anatania kumbe mwenzangu hana hata chembe ya utani, anajua bei aliyomnunulia, na dereva wake yule mwenye mdomo alishamwambia kwenye gari kwamba siku hizi samaki wa mapambo wanauzika. Kwa hiyo mpaka leo neno mwizi halijatajwa lakini chakula nakila peke yangu jikoni na funguo za stoo zimehamia kwa dada wa kazi.

Wewe unajua. Umezamia huko toka uko shule ya msingi, umewaona wadogo wa miduara wamejificha chini ya majabali na wakubwa wa mistari ya njano wanakatiza mbele yako kama wenye mtaa, na wewe ndiye uliyeniambia kwamba ni samaki mmoja, anabadilisha nguo akikua. Mimi nilimweleza Mzee hivyo hivyo. Akaniambia, "Hata kuku akikua anabaki kuku." Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye usiku nikakumbuka kifaranga hafanani na jogoo hata kidogo, lakini saa hiyo Mzee kalala.

Nimetafuta ushahidi kama wakili. Kumbe hata wasomi walikwama hapo hapo, yule mkubwa alipewa jina na Mjerumani anaitwa Bloch mwaka 1787, ndiyo hilo jina lake la kisayansi, imperator, halafu mwaka 1801 mtoto wake akaandikwa kitabuni kwa jina lake mwenyewe kama samaki mwingine kabisa! Sasa kama waliosoma walidanganyika na samaki yuko mezani kwao, Mzee aliyekuwa safarini nimlaumu vipi. Halafu kuna Wajapani wawili, Kondo na Asai, mwaka 1995 walichapisha kwamba waliwafuatilia kitatange wa jamii hii kwenye tenki wakaona mistari inahama ngozini samaki anavyokua, inaongezeka, mstari mmoja unagawanyika unakuwa miwili kama mtu anafungua zipu. Mimi hiyo zipu nimeiona kwa macho yangu! Ninazo picha kwenye simu za tangu Mei, hazina mpangilio na nyingine zimetoka na sura yangu kwenye kioo, lakini ukizifuata unaona. Na mpaka leo karibu na mkia, ukichuchumaa taa ikiwa upande wa dirishani, kuna duara jeupe moja halijaisha, limebaki kipande kama mwezi wa siku tatu, na mistari ya njano imekuja mpaka hapo ikasimama. Samaki wa kununua wa mistari angelitoa wapi duara hilo?

Nikamwita Mzee aje achuchumae. Akasema magoti yanamuuma.

Lakini Kombo, wewe nikuambie ukweli ambao Mzee sijamwambia. Samaki sijaiba, ila kwenye rangi nina deni. Kabadilika ndiyo, lakini kabadilika vibaya. Ile njano yako unayoisifia, huyu wa kwangu njano yake kama chai ya maziwa mengi. Barakoa nyeusi ya machoni imekuja kijivu kijivu. Bluu ndiyo haina neno, na nimeelewa kwa nini, bluu inatokana na ngozi yenyewe inavyorudisha mwanga, lakini njano na nyekundu kwa sehemu kubwa samaki hawezi kuitengeneza mwilini mwake, lazima aile. Baharini anakula sifongo, anadonoa mwani, anakula vidudu vilivyoganda mawe, kutwa nzima. Mimi mwaka wa kwanza wote nimempa nini? Kamba. Kamba wa friji, waliomenywa, weupe, asubuhi na jioni, kama mgonjwa anayepewa uji. Anakula kwa furaha, mimi nafurahi anavyokula, kumbe namlea na njaa ndani ya shibe.

Halafu Februari alianza kutoboka toboka usoni, vishimo vidogo kuzunguka jicho na kwenye ule mstari wa ubavuni. Niliogopa nikadhani ni wadudu, nikataka kumwaga dawa ya shaba, yule jamaa wa Dar aliyetuuzia pampu akanizuia kwenye simu akasema kwanza angalia chakula na angalia mkaa wa kwenye filta umeuosha? Sikuwa nimeuosha. Niliuweka na vumbi lake jeusi vile vile. Wamarekani walishajaribu hiyo kwa samaki wanaoitwa kangaja, matokeo yakatoka 2011, wale waliowekewa mkaa wakatoboka na wasiowekewa wakabaki salama. Nikautoa siku hiyo hiyo, nikaanza kumchanganyia ngisi na kome na mwani kidogo na matone ya vitamini, vishimo vimejaa vingi, viwili vitatu chini ya jicho la kushoto vimebaki makovu. Hiyo ni kesi ya pili Mzee hajaifungua.

Ya tatu ndiyo ya chumvi na hii utacheka. Si unajua watu wanavyotutania, maji ya Dodoma yana chumvi, mtie samaki wa bahari humo humo utaokoa hela. Kila fundi anayeingia humu ndani ananiambia hivyo akidhani kabuni yeye. Chumvi ya kisima cha huku ndiyo ile inayoganda kwenye birika ikawa nyeupe kama chokaa, ya bahari ni nyingine, kwa hiyo mimi nanunua maji yaliyochujwa ya madumu halafu nachanganya chumvi ya samaki, gramu 35 hivi kwa lita. Sawa. Sasa hewa ya huku ni kavu na upepo huu, tenki la lita 800 linapoteza zaidi ya nusu ndoo kwa siku. Julai nilikwenda Kondoa msibani siku 11, nikamwachia kijana wa bustani, nikamwambia maji yakipungua ongeza. Akaongeza. Kila siku akaongeza maji ya chumvi, tena kayapima vizuri gramu 35, kijana mwaminifu kabisa, sikumwambia kwamba yanayopaa ni maji, chumvi inabaki ndani. Narudi napima nakuta 40!

Samaki kasimama pembeni anahema, kaukunja ule mgongo wake. Nilikesha. Nikapunguza taratibu, siku tano, natoa ndoo moja naweka ya maji matupu, sikutaka kumshtua mara ya pili. Kilichonipa moyo ni kwamba Bahari ya Shamu chumvi yake inafika hapo kwenye 40 na ndugu zake wamo humo wanaishi, nikamwambia jikaze baba una ukoo kule. Alipona. Ila na mimi najiuliza ile njano iliyokuwa imeanza kukolea Juni na ikarudi nyuma, si ni hapo?

Na baridi nayo. Wewe unasikia Dodoma unafikiria jua tu, njoo Julai saa kumi usiku. Umeme ukikatika hita inazima, maji yanatakiwa yakae 25 au 26 yanaanza kushuka, mimi natoka na blanketi langu mwenyewe nalivisha tenki, pampu ya hewa naiunga kwenye betri ya gari. Mke wangu anasema siku akiugua yeye atajivika mapezi labda atafunikwa.

Basi turudi kwa Mzee maana ndiyo barua yenyewe. Jana kabla ya kulala kaja na uamuzi. Kasema hataki kesi, anachotaka ni samaki wake wa miduara, na kama huyu wa mistari ni halali basi abaki, lakini aletwe na mwingine wa miduara waishi wote. Ndipo akaomba namba yako. Atakupigia akuombe umtafutie. Kombo nakuomba kwa jina la bibi aliyetulea wote, KATAA. Mwambie vyovyote, mwambie hawapo, mwambie msimu mbaya. Huyu sasa ana urefu wa kiganja na vidole na huko baharini anafika sentimita 40, hili tenki lenyewe kesho kutwa litamfinya, halafu uniletee mwingine wa jamii yake! Wana wivu hawa. Wanasema mtoto kavaa miduara ili mkubwa asimwone mwenzake akamfukuza, sawa, lakini huko baharini akifukuzwa ana pa kukimbilia, hapa atakimbilia wapi, jikoni? Na atabadilika naye, Mzee atakuja tena kuuliza wa miduara yuko wapi, mimi nitakuwa mwizi wa samaki wawili.

Na magonjwa. Mgeni anaweza kuja na yale madoa meupe kama punje za chumvi, nikimtia moja kwa moja namuua na mwenyeji. Lazima akae karantini wiki kadhaa kwenye tenki lake peke yake na mimi tenki la pili sina, hela ya tenki la pili utaipata wapi kwa mtu anayekushuku umemuibia.

Kwa hiyo akipiga, badala ya kumkubalia, mweleze. Mweleze wewe, wewe atakusikiliza kwa sababu ukiongea tu lafudhi yenyewe ina maji. Mwambie umewaona wanavyogeuka. Usimwambie habari ya kamba weupe wala ya mkaa wala ya Kondoa, hizo nitamwambia mwenyewe nikishapata hata kanjano kadogo ka kuonyesha.

Na hapo ndipo ombi la pili. Naomba mwani. Siyo ule mnaolima mkafunga kwenye kamba (kamba ya kufungia, usije ukaniletea kamba tena), nataka ule wa kijani mwembamba kama mfuko wa lailoni unaoota kwenye mawe maji yakitoka. Usichume karibu na mahoteli wanakomwaga maji machafu. Suuza na maji baridi, anika kivulini, usitie chochote. Niliokota kidogo nilipokuja kwenye harusi, nilimfungia kwenye kibanio cha nguo ndani ya tenki akakitazama siku nzima kama mshamba aliyeona lifti, siku ya pili akadonoa, siku ya tatu ananifuata mkono kwenye kioo. Na kama utapata kome na ngisi wadogo wagandishe, weka kwenye boksi la barafu, mpe mtu anayevuka asubuhi na boti, akidaka treni ya mchana mimi nitakuwa stesheni jioni nasubiri, safari ya Dar mpaka hapa sasa si ile ya kulala njiani.

Nitakurudishia hela. Ile ya zamani pia naikumbuka, usifikiri.

Sasa nijibu haya. Wale wakubwa unaowaona huko, njano inakolea lini hasa, akishamaliza kubadilika au hata baadaye? Umewahi kumwona aliyebaki na duara moja mpaka uzeeni? Yule wa kwako uliyemwona kwenye jabali lile la kaskazini bado yupo? Ana wake wangapi sasa? Sifongo gani wanapenda kudonoa, ile ya rangi ya chungwa au ile nyeusi? Shangazi kahamia kweli Chwaka au ni maneno ya Chogo? Na mtoto wako kaanza shule? Mzee kakupigia tayari? Ulimwambiaje?

Ukijibu tuma kwa maandishi usitume sauti, simu yangu spika imekufa na ya mke wangu siwezi kuisikilizia hapa jikoni.

Nduguyo wa Area D