Kaka, damu ile usiiite kichocho tu

Birmingham, Uingereza

Kaka Salimu, shikamoo.

Wifi amenieleza kwamba ulikojoa damu, ukapewa dawa za kichocho, mkojo ukatakata, mkaona yamekwisha. Hayajesha. Damu ya saratani ya kibofu mara nyingi huja bila maumivu, ikapotea wiki au miezi, kisha ikarudi yenyewe. Mkojo kutakata si ushahidi kwamba dawa imefanya kazi.

Sisemi huna kichocho. Tuliooga mtoni Muheza tunaweza kuwa nacho, nacho kikikaa miaka huleta saratani yake. Ila kipimwe: mkojo utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi, na matone ya mwisho yaingie kwenye kikopo.

Hata mayai yakionekana, kwa mtu kama wewe aliyevuta sigara miaka 30 mimi ningetaka kibofu kiangaliwe. Moshi una kemikali za jamii ya amini, kama naftilamini. Huingia mapafuni, hupita kwenye damu, figo huzichuja, halafu hukaa kibofuni saa nzima nzima zikigusana na utando wa ndani. Mvutaji ana hatari kama mara tatu ya asiyevuta, na karibu nusu ya saratani hizi zinatokana na tumbaku. Kichungi cha sigara hakikukingi. Habari ya kunywa maji mengi kusafisha moshi, isahau.

Ultrasaundi ifanywe kibofu kimejaa, lakini isikutulize. Uvimbe mdogo au uliolala bapa unaweza usionekane. Kipimo chenyewe ni sistoskopi: mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kwenye njia ya mkojo baada ya kutiwa jeli ya ganzi. Ni dakika chache. Siku moja mbili mkojo utachoma. Ukiziba au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Omba rufaa kwa bingwa wa mfumo wa mkojo, hospitali ya KCMC mjini Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam. Huku Uingereza, mwenye miaka 45 au zaidi akiona damu isiyojulikana chanzo, hata mara moja, hupewa rufaa ya haraka.

Sigara uache sasa, usingoje majibu. Uvimbe ukikutwa na ukakwanguliwa, kwa anayeendelea kuvuta hurudi kwa urahisi zaidi.

Andika tarehe ya damu, rangi yake, na kama ilitoka mwanzo, mwisho au mkojo wote, daktari atakuuliza. Nauli ya Moshi nimemtumia wifi. Wewe sikutumii, unajua kwa nini.

Mdogo wako,
Mwanaidi