Picha za wasukaji wa mikeka zionyeshe kazi yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu picha za wanawake wa vijijini zinazouzwa hapa Kigoma. Nyingi humwonyesha mwanamke kwa nyuma, mtungi kichwani na mtoto mgongoni, jua likizama ziwani. Jua hilo huchorwa vizuri, sikatai, lakini mikono ya mama huyo haionekani inafanya nini.

Mwaka 1881 mchoraji wa Marekani, Winslow Homer, alikwenda kuishi Cullercoats, kijiji cha wavuvi kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mwaka uliofuata alichora kwa rangi za maji wanawake wawili walioketi kwenye benchi, mmoja akitengeneza wavu na mwenzake akishughulika na soksi. Picha hiyo imo katika National Gallery of Art, Washington. Wanawake hao wameinamia kazi zao, wala hawana habari na anayewatazama.

Ujiji wapo wasukaji wa mikeka wanaostahili kuangaliwa kwa makini namna hiyo. Msukaji hasubiri unyasi wa ukindu uishe. Hupachika mwingine mapema ili ukili, yaani ule ukanda mrefu unaosukwa, usikatike, kidole gumba kikibana pale zinapopishana, huku ukili uliokwisha kusukwa ukijikunja pembeni mwake ukingoja kushonwa. Mchoraji asiyejua hatua hiyo ya kupachika atachora vidole vilivyolala tu juu ya majani.

Wapo wanaosema rangi za maji ni za watoto, hazina nguvu. Kwa kazi hii mimi naziona ndizo hasa zinazofaa, kwa sababu weupe wake ni karatasi yenyewe: ukindu mkavu usiotiwa rangi waweza kuachwa karibu bila kuguswa, brashi ikapita tu kwenye nyuzi zilizochovywa nyekundu au zambarau na kwenye vivuli kati ya nyuzi. Tena hukauka upesi kwa joto letu, hivyo mwanafunzi hulazimika kutazama kwanza.

Nawaomba walimu wa sanaa na maofisa utamaduni wa mkoa wetu waache kuwapa wanafunzi picha za kunakili, badala yake wawapeleke kwa wasukaji, kwa ruhusa yao. Mama anayechorwa aendelee na kazi yake bila kuambiwa akae mkao, alipwe chochote kwa usumbufu, na akiridhia, jina lake liandikwe chini ya picha kama linavyoandikwa la mchoraji.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma