Mwanangu, omba na wewe helikopta yako

Mwanangu mpendwa,

Salaam kutoka Kaloleni, Arusha. Sisi wazima, mvua zimeanza na ule mfereji wa nyuma umeziba tena. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza. Mama yako anasema huli vizuri, eti kaisikia sauti. Mimi nilichosikia ni hasira. Umefanya usaili wa filamu, umesifiwa, halafu wamekupa jini: kinyago na manyoya mwanzo mwisho, na nafasi ya binti anayependwa kapewa mwenzako mweupe. Juu ya hapo mwongozaji akakwambia weusi wako "unafaa sini za usiku". Unauliza ukatae au ukubali.

Hilo la usiku linaniudhi kuliko jini lenyewe. Ila tuanze na jini, maana majini ya kwenye muvi nayajua.

Kabla hujazaliwa nilikuwa na kibanda umiza, kile cha kuonyesha video, kule Unga Limited. Mabenchi, TV ya chogo, deki iliyokuwa inatafuna kaseti, na mimi nimeshika maiki nikitafsiri kwa kujifanya Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi. Predator ya 1987 niliitafsiri mpaka sauti ikakauka. Watu walikuja kumwona Anodi, Schwarzenegger huyo, lakini aliyekuwa ndani ya lile dubwana ni Kevin Peter Hall, Mmarekani mweusi aliyepita mita 2 kwa urefu. Kwenye kikosi cha Anodi weusi walikuwa wawili, Bill Duke na Carl Weathers. Wote waliuawa na dubwana, kumbe dubwana ni mweusi mwenzao kavikwa mpira.

Alien ya 1979 hadithi ni ileile. Bolaji Badejo, kijana wa Nigeria aliyekuwa anasoma London, walimwona baa, wakapenda ule urefu na wembamba, wakamvika vazi la dubwana. Dunia nzima ilipiga ukelele kwa ajili yake. Hakuigiza filamu nyingine mpaka anafariki mwaka 1992.

Halafu kuna Darth Vader wa Star Wars, yule mbaya aliyefunikwa uso mzima kwa kofia nyeusi. Ile sauti nzito iliyokuwa inatetemesha spika zangu ni ya James Earl Jones, Mmarekani mweusi, na filamu ilipotoka 1977 jina lake halikuandikwa. Mwenyewe alitaka hivyo, sawa. Lakini 1983 kofia ilipovuliwa ili mtoto amwone baba yake, aliyetokea ni mzee wa Kiingereza, Sebastian Shaw. Sauti ya kwetu, sura ya kwao. Hapo huwa nakaa nalo mpaka chai inapoa.

Sura wazi nayo si dawa ya kila kitu. Mwaka 1968 mwongozaji George Romero alimpa Duane Jones ustelingi wa Night of the Living Dead. Mweusi anatoa amri kwenye nyumba iliyojaa wazungu, anapigilia mbao madirishani, anapambana na wafu usiku kucha. Niliionyesha kibandani, na kibandani sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Kunakucha, kabaki hai peke yake, anasogea dirishani kuwachungulia waokoaji, nao wanamtwanga risasi ya kichwa wakidhani ni mfu. Nilinyamaza na maiki mkononi. Mzee mmoja muuza mitumba akasimama kudai hela yake, anasema nimekata mkanda, na benchi zima likamuunga mkono. Ikabidi niirudishe nyuma waone wenyewe kwamba kweli imeishia pale.

Lupita Nyong'o wa jirani zetu Kenya alipata Oscar mwaka 2014, sura wazi. Mwaka uliofuata Star Wars wakamgeuza kibibi kilichochorwa kwa kompyuta, chenye miwani mikubwa, na 2016 akawa sauti ya mbwa mwitu kwenye The Jungle Book. Watu walinung'unika. Mwenyewe alieleza kwamba baada ya ile filamu ya Oscar, iliyohusu mno mwili wake, alitaka kazi isiyouhusu kabisa, na mimi nilimwelewa. Black Panther ya 2018, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, unaijua kuliko mimi. Wewe itazame Us, ya Jordan Peele, 2019. Humo Lupita ni mama anayekimbia na ni jini linalomkimbiza. Angalia shingo anavyoikaza akiwa jini, na ile sauti ya kukwaruza. Hakuvaa manyoya hata unyoya mmoja.

Huku kwetu walikuja kutengeneza Hatari!, ikatoka 1962. Jina la Kiswahili, mlima Meru, vitoto vya tembo vinatimua mbio mitaani mjini, na stelingi John Wayne. Nimeitazama nikitafuta watu wetu. Wapo, wanashika kamba, wanapanda nyuma ya malori.

Wale walikuwa wageni. Huyo mwongozaji wenu kazaliwa hapahapa, kalelewa na mama mweusi, ndiyo maana neno lake limenichoma. Mwambie weusi unataka taa, na taa ni kazi yake. Hata Kodak, wale watengenezaji wa filamu za kamera, kwa miaka mingi kadi zao za kupimia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke wa kizungu, kwa hiyo sisi kutoonekana picha ikitoka ilikuwa ni mitambo. Leo kamera zimebadilika, kisingizio hicho hana.

Mimi nasema jini likubali, mama. Ni kazi ngumu, na anayeiweza anajulikana na wenye kazi. Ila mwisho wa Predator, helikopta inapokuja kumchukua Anodi, rubani ni yuleyule Kevin Peter Hall, uso wazi. Na wewe omba helikopta yako. Sini moja tu, hata uwe muuza maandazi wa stendi, mchana kweupe, sura yako ionekane. Na jina lako liandikwe yanapopanda majina mwishoni, herufi sawa na za huyo mweupe. Hilo mkubaliane kwa maandishi kabla hujajaribu vazi. Akikataa yote mawili, mwachie manyoya yake.

Nimekutumia hela kidogo kwenye simu. Mama yako anasisitiza ni ya chakula, si ya bando. Mwongozaji akikujibu nipigie jioni, mchana gereji kelele haziniachi nisikie.

Baba yako