Filta ya mafuta isingoje gari lizime

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba filta ya mafuta haina muda maalumu, ibadilishwe pale gari linapoanza kusumbua. Kazi yangu ni pampu za dizeli na nozeli, yaani vile vinyunyizio vinavyorusha mafuta ndani ya injini, na mengi ya magari ninayoletewa ni yale yaliyoachwa yasumbue kwanza.

Dalili zenyewe dereva anazijua. Kwenye tambarare gari linakwenda vizuri, likipanda mlima na mzigo linakosa nguvu, unakanyaga mafuta wala haliitiki. Lakini hapo filta imeshaziba, na pampu inahangaika kuvuta mafuta yasiyofika. Tena dizeli hiyohiyo ndiyo inayolainisha vyuma vya pampu. Ikipungua, chuma kinasaga chuma, na unga wake unasafiri mpaka kwenye nozeli. Aliyekwepa kununua filta sasa anaulizia pampu na nozeli zote, na mimi sina cha kumpunguzia.

Enzi za injini za zamani, hoja ya mwenzetu ingevumilika kidogo, kwa kuwa nozeli nyingi zilifunguka kwa shinikizo la bar 100 hadi 200 na kitu hivi. Mifumo ya siku hizi hufikia bar 2,000 na kupita. Nafasi iliyopo kati ya vyuma vya ndani vinavyoteleza ni mikroni chache tu, ilhali unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Vumbi usiloliona kwa macho linatosha kukwaruza humo.

Na uchafu si vumbi peke yake. Filta nyingi za dizeli zina kazi ya pili ya kutenga maji, ndiyo maana chini yake kuna koki ndogo ya kuyamwaga na, kwa baadhi ya magari, taa ya kuonya kwenye dashibodi. Nikifungua filta iliyokaa mno, humimina kilichomo kwenye chupa ya kioo na kumwita mwenye gari atazame. Tukisubiri kidogo, maji yanajitenga chini, dizeli inabaki juu, na pale vinapokutana unatokea utando mweusi wenye utelezi. Huo ni vijidudu vilivyoota humo ndani. Hakuna aliyewahi kuiona chupa hiyo akaniuliza tena kama filta ilikuwa na haja ya kubadilishwa.

Mafundi wenzangu nao nina neno nao. Wapo wanaofunga filta mpya baada ya kuijaza dizeli ya kwenye dumu kupitia tundu la katikati. Katika filta nyingi za kukaza kwa mkono, tundu hilo ndiko yanakotokea mafuta yaliyokwisha kuchujwa! Ukimimina hapo, umeuvusha uchafu wote moja kwa moja hadi kwenye pampu. Kama gari lina pampu ya mkono, itumie kuvuta mafuta na kutoa upepo, hata kama mkono utachoka.

Kuhusu muda, kitabu cha gari ndicho cha kufuata. Kwa dizeli nyingi ni kati ya kilomita 20,000 na 40,000, na anayepita kwenye vumbi au kununua mafuta ya madumu awahi zaidi. Baadhi ya magari ya petroli yana filta ndani ya tangi pamoja na pampu, na watengenezaji hawakuyawekea muda. Hayo sina ugomvi nayo.

Ninachowaomba wenye magari ni kwamba mkiambiwa sevisi imekamilika, ulizeni ni filta zipi zilizobadilishwa. Mara nyingi utakuta ni ya oili tu. Dai uone ile ya mafuta iliyotolewa, na kwenye ganda la mpya fundi aandike kwa kalamu ya wino usiofutika tarehe na kilomita zinazosomeka siku hiyo.

Fundi wa pampu na nozeli