Kwako mdogo wangu, kabla hujaituma hadithi yako ya mzimu

Mdogo wangu mpendwa,

Umeuliza kama hadithi uliyoiandika kwa msaada wa akili mnemba ni yako. Swali hilo liliwahi kufika mahakamani London mwaka 1926, na mtoa maneno alikuwa mzimu. Geraldine Cummins alikuwa kiti, yaani mtu anayepandwa na roho: akipandwa, mkono wake uliandika kwa kasi maneno aliyosema ni ya roho wa zama za mitume. Frederick Bligh Bond, msanifu majengo aliyehudhuria vikao hivyo, aliyanakili, akayatia vituo na kuyagawa aya, kisha akadai haki. Jaji Eve alisema mamlaka yake hayavuki kwenda kwa wafu. Hakimiliki akampa Cummins, Bond akashindwa.

Zingatia kilichomponza Bond. Ukipokea hadithi nzima kutoka kwenye mashine, ukarekebisha nukta na aya, umefanya kazi yake. Marekani, Februari 2023, ofisi ya hakimiliki ilimwachia mtunzi wa kitabu cha katuni maneno aliyoyaandika na mpangilio wake, ikaziengua picha zilizochorwa na Midjourney, programu ya akili mnemba. Sheria ya Kenya ya 2001 ni laini zaidi: kazi ikizalishwa na kompyuta, mtunzi ni aliyefanya matayarisho yaliyohitajika. Usiiegemee hiyo ukituma nje. Clarkesworld, jarida la Marekani la hadithi za kubuni za kisayansi, lilisitisha kupokea hadithi mwezi huohuo wa Februari kwa kufurikwa na kazi za mashine.

Kwa hiyo rasimu ya kwanza iandike mwenyewe. Kila rasimu iwe na faili lake lenye tarehe, usifute ya jana. Hifadhi maagizo uliyoipa mashine pamoja na majibu yake. Sentensi yake ikibaki, itie rangi, ifunike, kisha andika upya bila kuitazama. Kubadili neno mojamoja huacha mifupa ileile.

Na mifupa hiyo ni mibovu. Mashine huelekea kwenye neno linalotarajiwa zaidi, ilhali hofu huzaliwa na jambo lisilotarajiwa. Ndiyo maana mzimu wake huja na upepo baridi na mlango unaolia, hauna ukoo wala deni. Wetu ni jamaa ya mtu. Amua kwanza ni nani, anadai tambiko gani, na nani katika nyumba ile anajua kwa nini halikufanywa. Huyo wa mwisho ndiye wa kumkawiza kusema. Msomaji amwone akikwepa kupita chini ya mbuyu kabla ya kuambiwa lolote.

Ukituma, taja kazi iliyofanywa na mashine. Kama ilisahihisha tahajia tu, sema hivyo. Kama kuna aya yake iliyosalia, itoe kwanza.

Nduguyo