Mdogo wangu aliniambia mwanawe hakuwa tawi

Mpendwa Mama Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe, na shikamoo. Nakuandikia saa kumi alfajiri, jogoo wa kwanza amekwisha kuwika na mimi sijapata hata lepe la usingizi, na huu ni usiku wa tatu. Kinachonikesha ni maneno manne aliyonijibu mdogo wangu siku ya Jumatano: "Dada, mwanangu hakuwa tawi."

Unafahamu jinsi sisi tuliokulia vihambani, kwenye mashamba ya kahawa yanayozunguka nyumba, tulivyolelewa. Marehemu baba yetu alikuwa mwinjilisti, na kila mwaka, kahawa ikishachumwa na kabla ya masika kuanza, aliingia shambani na mkasi wake, sisi wawili tukimfuata nyuma kuokota matawi kwa ajili ya kuni. Alituonyesha kwamba pingili ya mbuni, yaani mti wa kahawa, iliyokwisha kuzaa haizai tena, kwa hiyo matawi yaliyochoka hukatwa pamoja na maotea yanayonyonya nguvu ya shina, ili yachipue mapya yatakayobeba buni za msimu unaofuata. Kisha alituamuru tuseme Yohana 15:2 kwa moyo, na mdogo wangu aliujua mstari huo kabla hajaanza shule.

Tangu hapo nimezoea kumwona Mungu katika kila ninachokishika. Nikikanda unga wa maandazi usiku na kuukuta alfajiri umefurika beseni, namkumbuka yule mwanamke wa Mathayo 13 na pishi zake tatu. Nikipotewa na funguo, namkumbuka yule wa shilingi kumi aliyewasha taa na kuifagia nyumba. Ndivyo ninavyowafundisha watoto wa Shule ya Jumapili kwa miaka 19 sasa, wala hakuna mzazi aliyewahi kulalamika. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mpanzi, kwa chachu na kwa juya la wavuvi, hivyo sioni ni nani anayeweza kuniambia kwamba njia hii ni mbaya.

Mdogo wangu amepoteza mimba mbili zikiwa changa. Hii ya tatu ilifika miezi minane, na mtoto, wa kiume, akazaliwa hana pumzi. Baada ya mazishi nilimpelekea mtori, kama ambavyo ningempelekea mzazi mwingine yeyote. Nilimkuta ameketi kitandani, na kanga yake ilikuwa imelowa kifuani, kwa kuwa maziwa yalikuja hata kama wa kuyanyonya hayupo. Niliiona ile kanga nikashindwa kuitazama. Ndipo nilipoanza kusema. Nilimweleza habari za mibuni ya baba, nikamwambia kwamba Mungu huyasafisha matawi anayoyapenda ili yazidi kuzaa, na nikaendelea kwa muda mrefu, hadi mtori ukapoa na mafuta yakaganda juu ya bakuli. Alinijibu yale maneno manne, akageukia ukutani. Shemeji alinisindikiza hadi barabarani na kuniomba kwa upole nisirudi kwanza.

Mama, sikwenda kumuumiza. Nilitembea na hotipoti kichwani kwenye ule mlima, magoti yangu yakiwa kama unavyojua magoti ya watu wa umri wangu, na angeweza kunijibu kwa namna nyingine kuliko kunifedhehesha mbele ya mama mkwe wake. Sitaki aniombe radhi. Ila nikisema kweli, angenitumia ujumbe mmoja tu wa kunijulisha kwamba anaelewa sikukusudia ubaya, ningelala.

Jana usiku nilifungua Biblia ili nijihakikishie kwamba sikuukosea mstari. Sikuukosea, lakini nilimwambia nusu yake ya pili, na nusu ya kwanza inasema, "Kila tawi ndani yangu lisilozaa huliondoa." Tuliukariri pamoja. Nilipokuwa nikisema ile sehemu ya kusafishwa, yeye aliyezikiwa mtoto juzi alikuwa ameshaisikia ile nyingine. Nilisoma pia jinsi rafiki zake Ayubu walivyoketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kunena neno, nami sikuweza kunyamaza hadi ale angalau vijiko viwili. Sijui sasa kama nilimpelekea neno la Mungu au nilijificha nyuma yake kwa kuwa niliogopa kulia, na hilo ndilo nisiloweza kumuuliza mchungaji wangu, maana ndiye aliyenikabidhi watoto wale.

Lakini nikikubali kwamba nilikosea, nitasema nini juu ya baba? Mama yetu alipofariki, alituchukua kahawani wiki ile ile na kutufundisha mstari ule ule, na mimi ulinifariji. Nimeuishi hadi leo. Usiku huu ndipo nilipokumbuka kwamba mdogo wangu siku ile alikataa kuokota matawi. Alisimama tu ameshika moja, na baba alipomwambia aliweke kwenye lundo hakuliweka, akaingia nalo nyumbani. Nilimwona mkaidi, nami nikayaokota yaliyobaki peke yangu.

Somo la watoto Jumapili ijayo ni mzabibu na matawi, nami nimekwisha kuomba nikatiwe tawi la mbuni la kuwaonyesha. Nadhani nitalifundisha, kwa sababu ni neno la Bwana na halikukosea kitu, ingawa jana nilimwandikia mwenzangu anishikie zamu na bado sijautuma ujumbe huo. Hotipoti yangu ingali kwa mdogo wangu. Nilifikiri niende kwa kisingizio cha kuifuata, lakini sitaki kuingia tena chumba kile na jambo la kusema nililokwisha kuliandaa njiani. Je, niende bila neno lolote na kuketi, hata akiendelea kunigeuzia mgongo, au nimtii shemeji nisubiri?

Ni mimi dada mtu,
Kilimanjaro