Umeokoka lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie neno moja tu.

Mwezi uliopita mpwa wangu alipewa fomu ya kujiunga na kwaya katika kanisa moja hapa mjini. Ni karatasi moja, imetolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia. Jina, namba ya simu, sauti unayoimba, kisha swali la tano: "Umeokoka lini? Taja tarehe, mwezi na mwaka." Binti huyu alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, na tangu ajue kusimama amekuwa akiimba. Akakaa na kalamu mdomoni. "Mjomba, niandike ipi?" Nikamwambia aandike ukweli. Akaandika: "Sikumbuki." Jumapili iliyofuata fomu ilirudi na wino mwekundu: "Rudia."

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Basi likitumbukia mtoni, aliyetoka mzima tunasema ameokoka. Pengine aliogelea, pengine mlango ulifunguka wenyewe, hatuulizi. Lakini ukisema ameokolewa, masikio yanangoja: na nani? Na wavuvi. Na askari wa zimamoto. Hapo huwezi kusimulia habari yako bila kumtaja mwingine.

Sisemi "kuokoka" ni neno baya. Limo katika Biblia yetu, na mlinzi wa gereza kule Filipi alilitumia: "Yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" Alitaka kazi ya kufanya, akaambiwa aamini. Ila Paulo anapowaandikia Waefeso, tafsiri yetu inabadili kitenzi: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Asije akajisifu! Nasi leo "nimeokoka" tumeligeuza cheo. Tunalitanguliza tunapojitambulisha, tunalitafutia wachumba, tunalitumia kumpima jirani: yule bado hajaokoka.

Sisi wa Kagera hatuna udhuru. Uamsho wa Kikristo uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, baada ya Mganda Simeoni Nsibambi na mmisionari Mwingereza Dkt. Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929, ulifika hadi huku kwetu na kutuachia jina la walokole, yaani waliookoka. Wazee wale hawakuwa malaika, na ukali wao tuliuonja utotoni. Lakini mtu aliposimama kushuhudia, alianza na aibu yake: jembe aliloiba na amelirudisha kwa mwenyewe, chuki aliyomficha ndugu yake. Wamisionari wa Kizungu nao walisimama mbele ya Waafrika wakaomba radhi kwa dharau yao. Huko waliita kutembea nuruni. Ushuhuda ninaousikia siku hizi unaanza na idadi ya miaka mtu aliyodumu "ndani ya wokovu", kama mtumishi anayesubiri kupandishwa daraja.

Najua nitakavyojibiwa: bila tarehe watu watajificha nyuma ya cheti cha ubatizo na kuendelea na ulevi. Ni hoja nzito, na wako waliojificha hivyo. Paulo mwenyewe alikuwa na siku yake, kwenye njia ya Dameski. Lakini Timotheo je? Paulo anapoitaja imani yake anarudi kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, hatoi tarehe. Kwa fomu hii Timotheo asingepokelewa hata kuimba besi.

Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba mwanadamu anakubaliwa na Mungu kwa neema tu, wala si kwa stahili yake yoyote. Iliwachukua karibu miaka 500 tangu Luther kufika hapo. Inasikitisha kuona stahili ikirudishwa mlangoni na katibu wa kwaya mwenye kalamu nyekundu. (Simlaumu yeye binafsi, naamini fomu aliikuta.)

Nawaomba wachungaji wetu wa madhehebu yote wazipitie fomu zao.

Ya mpwa wangu bado iko juu ya kabati, chini ya redio. Juzi bibi yake, ambaye macho yamechoka, aliomba asomewe. Alisikiliza mpaka swali la tano, akauliza kama kuna mahali pa kuandika jina la aliyemwokoa. Tukatazama. Mstari ni mfupi, unatosha tarehe tu.

Wako,
Msharika mkongwe,
Bukoba